Taa Ilibaki Kijani

Lori aliloliendesha Papa Godefroid liliungua mchana kweupe kwenye barabara ya mpakani Mokambo, na kabla majivu hayajapoa Paulin alikwisha kusema kwamba dereva alidharau kengele.

Aliyasema hayo kwa simu, amesimama katikati ya karakana, mkono mmoja mfukoni, kwa kile Kifaransa chake laini alichowawekea wateja. Upande wa pili wa simu alikuwa Papa Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mwenye lori hilo na mengine mengi. Josée alikuwa kwenye meza ya dirishani, anachomelea waya. Alisikia *erreur humaine*, kosa la mwanadamu. Alisikia kwamba kifaa chao hakikuwa na kosa lolote. Akaweka kichomeo chini polepole.

Simu ilipokatwa akauliza, "Yaya Paulin, kengele ililia?"

"Ililia."

"Nani njo alikuambia?"

"Josée, kifaa kiliungua. Nani ataniambia? Lakini njo kazi yake: joto ikipanda, inalia. Basi ililia. Muzee alitaka kufika ku nyumba mbio, akaiacha ilie. Bachauffeur tunabajua."

"Tunabajua," Josée akarudia, kana kwamba madereva wote walikuwa mtu mmoja. Neno lilimkaa mdomoni kama mchanga ndani ya mboga ya sombe.

Paulin alimtangulia Josée miaka michache chuoni, ndiyo maana alimwita yaya, yaani kaka mkubwa. Yeye ndiye aliyefungua karakana, yeye ndiye aliyempata Kambale, na kifaa chenyewe kilikuwa wazo lake. Kilikuwa kisanduku kidogo cha kufungwa chini ya dashibodi. Nyaya zilitoka humo zikaenda kwenye kila gurudumu, na mwisho wa kila waya palikuwa na kipimajoto. Malori ya Kambale yalikuwa makongwe, yalinunuliwa yakiwa yameshachoka huko Ulaya, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja: breki inashika gurudumu na haiachii. Dereva hajui. Gurudumu linazunguka huku linasuguliwa, chuma kinapata moto, moto unahamia kwenye mpira, na mpira ukishika moto katikati ya pori hakuna wa kuuzima. Kisanduku kilitakiwa kusema mapema. Taa ya kijani, tembea. Taa nyekundu na kengele, simama.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na kompyuta ndogo iliyotumia mfumo wa Linux. Kila mfumo wa namna hiyo una kiini, ambacho wao walikiita noyau kama walivyofundishwa; ndicho kinachoshika chuma chenyewe, kumbukumbu na nyaya. Programu ya kawaida ikianguka, kiini huiokota, kazi zikaendelea. Kiini kikianguka, hakuna wa kukiokota. Paulin aliamua kwamba moduli, kipande cha programu kinachosoma vipimajoto, iishi humo humo ndani ya kiini, ili isicheleweshwe na programu nyingine. Hapo Josée hakubisha. Alibisha juu ya lugha.

Waliokijenga kiini kile waliandika karibu chote kwa C, lugha kavu isiyokuficha jambo: ukitaka nafasi kwenye kumbukumbu unaiomba kwa mkono wako mwenyewe, na ombi linaonekana kwenye mstari. Paulin alitaka C++, lugha ya vitu. Humo gurudumu ni kitu, breki ni kitu, hata kipimo cha joto ni kitu; kila kimoja kina tabia zake na siri zake, na kinarithi kutoka kwa mzazi wake.

"Ona namna iko propre, safi," alimwambia siku ile akimwonyesha kwenye skrini gurudumu, breki na kipimo kwa majina yao ya Kifaransa. "Roue iko na Frein. Frein iko na Mesure. Muntu akisoma anaelewa. C yako ni jiko yenye visu chini."

"Visu ya C inaonekana, yaya. Yako iko na visu vilevile, lakini ulivifunika na kitambaa."

Akamweleza tena, ingawa Paulin alijua. Kipimajoto kikiwa na habari, hupiga hodi kwenye kiini. Kiini huacha kila kitu na kuitikia. Sasa, anayeitikia hodi ile ana sharti moja tu: asisubiri. Haruhusiwi kusinzia hata kidogo, kwa sababu wengine wote wamesimamishwa kwa ajili yake. Akilala yeye, nyumba nzima imelala. Na katika C++ mstari mmoja mzuri, usio na hatia, unaweza kuzaa kitu, na kitu kikizaliwa kinaomba nafasi ya kukaa. Nafasi ikiwepo kinapewa papo hapo. Nafasi ikikosekana kinaambiwa kingoje. Kitangoja pale pale mlangoni, mahali ambapo kungoja ni marufuku.

"Bengine banaandika C++ mu noyau na inatembea," Josée alisema. "Sikatai. Lakini banafunga ile milango yote, moja moja. Weye umefunga?"

"Nitafunga. Kwanza tupite majaribio."

Majaribio yalipita. Walizunguka mjini na lori, wakarudi, wakazima. Kesho yake wakawasha tena. Kengele ililia kila ilipotakiwa kulia. Kambale akaomba kamera ya kurekodi safari, Paulin akaiunganisha kwenye kisanduku hicho hicho. Milango haikufungwa. Josée aliuliza, akauliza tena, kisha kazi nyingine zikaingia, akanyamaza.

Lakini kuna lililomchoma kuliko huko kunyamaza.

Papa Godefroid alikuwa dereva wa kwanza kufungiwa kisanduku. Asili yake Kongolo. Babu yake aliletwa kusini na kazi ya reli, na yeye mwenyewe alizaliwa na kuzeekea mtaani Katuba. Josée alikwenda naye Mokambo na kurudi ili amfundishe kifaa. Mzee alikuwa na desturi yake. Kila baada ya mwendo fulani alisimamisha lori, akashuka, akazunguka magurudumu yote, akisogeza mgongo wa kiganja karibu na chuma bila kukigusa, kama mama anayepima homa ya mtoto. Ilichukua muda. Osée, fundi aliyesafiri naye, alikuwa akimcheka.

"Papa Godefroid," Josée alimwambia safari ile, akionyesha taa ya kijani, "haina lazima ya kushuka tena. Hii njo itashuka pa nafasi yako. Ikiwa vert, tembea tu."

Mzee aliitazama taa, kisha akamtazama yeye. "Weye njo unasema?"

"Miye njo nasema."

Tangu hapo hakushuka tena.

Siku chache baada ya ile simu Josée alimkuta mzee nyumbani Katuba. Hospitali walikuwa wamemrudisha na dawa za kupaka, mikono yote miwili imefungwa bendeji hadi viwikoni. Moto ulipopanda kwenye kabini, Osée alikuwa amelala nyuma ya viti, na mlango wa upande wake ulikwama. Godefroid, aliyekuwa ameshatoka salama, alizunguka akaukamata mlango ule kwa nje, chuma kikimla nyama, akauvuta mpaka ukaachia. Osée alitoka na kikohozi tu.

Mama Madeleine, mke wa Godefroid, hakusema karibu. Alisimama mlangoni na mwiko wa kusongea bukari mkononi.

"Unakuya kuangalia kazi yako?" alisema. "Patron Kambale anasema bwana yangu hana kazi tena. Anasema atamupeleka ku polisi. Bantu ya mu avenue bananiuliza kama alikuwa amelewa. Bwana yangu pombe haijue!"

"Mama Madeleine, nilisikia. Njo maana nimekuya."

"Miaka yote alikuwa anashuka kupima ile magurudumu. Miaka yote! Nani alimuambia aache?"

"Ni miye."

Madeleine alishusha mwiko, kama mtu aliyejiandaa kupigana na uongo akakuta haupo. Kisha hasira yake ikapata njia nyingine. Alimtukana Josée kwa Kiluba, akamtukana kwa Kiswahili, akaitukana shule aliyosoma na mikono iliyomwandikia diploma. Majirani walitoka kwenye viwanja vyao. Josée alisimama uani akayapokea yote bila kujitetea, mpaka sauti ya Godefroid ikatoka ndani: "Madeleine. Muache aingie."

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mikono ameilaza juu ya mto.

"Haikulia," alisema kabla ya kuulizwa. "Nilisikia harufu ya mpira. Nikaangalia taa, vert. Nikasema pengine ni bantu banachoma majani huko inje. Harufu ikaongezeka. Nikaangalia tena, vert. Mutoto wangu, nilisikia na pua yangu mwenyewe, na nikaamini taa yako."

Josée alivuta kigoda akaketi karibu na kitanda. Akauliza, "Papa, mulikawia Mokambo?"

"Sana. Karibu juma nzima, douane ya mpaka ilikuwa na foleni."

"Na kisanduku mulikizima?"

"Patron alikataza. Alisema kamera irekodi mizigo, bezi basikuye kufungua. Iliwaka mchana na usiku."

Josée akafumba macho. Aliliona jambo lote kama linatendeka mbele yake. Kamera imerekodi mchana na usiku, imejaza kumbukumbu mpaka pembeni. Lori limeondoka mpakani na unga wake, gurudumu limepata moto, kipimajoto kimepiga hodi, kikapiga tena. Kiini kimeitikia. Pale mlangoni, kwa ule mstari mzuri wa Paulin, kitu kimezaliwa, kikaomba pa kukaa, kikaambiwa kingoje. Kiini kizima kikaganda. Na taa, ambayo haibadiliki mpaka iambiwe, haikuambiwa kitu.

"Papa Godefroid," alisema, "haikuwa weye."

Mzee alimgeukia. Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini uso ulikuwa wa hasira.

"Najua haikuwa miye," alisema. "Kunisemea mu chumba hainisaidie. Enda ukaseme kule banasema ni miye."

Josée alirudi karakana akawasha kisanduku kingine, akakiunganisha na kamera, akaielekeza kamera barabarani, akakiacha kinarekodi. Paulin aliuliza kile ni nini. Alijibu kwamba anajaribu jambo. Hakusema zaidi, kwa sababu alijua kwamba akianza kusema hataweza kuacha. Siku zilipita. Paulin alipiga simu zake, akapanga maonyesho kwa ajili ya wageni wa kampuni moja ya mgodi upande wa Kinsevere, waliotaka kufunga vifaa hivyo kwenye mitambo yao. Alicheka kwenye simu. Kila kicheko kilimpata Josée shingoni.

Kamera ilipokwisha kurekodi kama juma, mchana mmoja alimwita Paulin. "Yaya, kuya uone."

Alishika bunduki ya hewa moto wanayotumia kulainishia plastiki, akaielekeza kwenye kipimajoto. Walisimama bega kwa bega. Joto lilipanda, hakuna aliyehitaji kuambiwa, walilisikia kwa ngozi. Kipimajoto kikaanza kutoa harufu ya kuungua. Kengele haikulia. Taa ikabaki kijani, tulivu, kama taa ya kanisani.

"Zima hiyo hewa," Paulin alisema.

Akazima.

"Rudilia."

"Nirudilie mara ngapi? Mpaka nani aungue?"

Paulin alivuta kiti akaketi. Aliitazama ile taa, akapitisha kiganja usoni. Alikuwa ameelewa, na Josée aliona kwamba ameelewa yote, tangu mstari wenyewe mpaka mikono ya mzee. Kwa kitambo kidogo alimhurumia. Laiti Paulin angenyamaza hapo.

"Sikia," Paulin alisema. "Tutaitengeneza. Leo hii tunaanza. Lakini bale ba mugodi banakuya juma kesho. Tukisema sasa, kila kitu inaanguka. Tungoje basaini. Halafu tutamuona Papa Godefroid, tutamusaidia, tutamutafutia kazi, patron akipoa kidogo..."

"Tungoje."

"Siku kidogo tu."

"Muntu analala mu nyumba mikono imekwisha, bajirani banamuita mulevi, na weye unasema tungoje!" Sauti yake ilipanda mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akainua kichwa. "Nilikuambia! Nilikuambia hapa hapa, mbele ya hii meza! Funga milango! Ukasema utafunga!"

"Josée, ni bug. Kila programu iko na bug. Hata C."

"Bug nilikubali! Bug ni kazi yetu, tunaitafuta, tunaiua. Lakini weye ulikamata simu ukasema kengele ililia, na haukujua kitu. Moto ilimuchoma mikono. Jina, ni weye ulimuchoma!"

Paulin akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Na weye? Nani alimuambia asishuke? Ni miye? Miye nilikuwa mu lori? Unataka kujisafisha ku mugongo yangu!"

Neno lilimpata Josée, kwa kuwa lilikuwa kweli. Alikiokota kile kiti, akakisimamisha. Angeweza kulia, akachagua kutolia.

"Njo maana tunaenda wote wawili," alisema. "Kesho. Ukikataa naenda peke yangu, na hii kisanduku, na hii hewa ya moto. Naonyesha Papa Kambale. Kisha naonyesha bale ba mugodi. Chagua."

Kesho yake bohari la Kambale lilikuwa katika pilikapilika za kupakia. Madereva walikuwa wamesimama kivulini mwa malori yao, na walipomwona Godefroid anaingia getini nyuma ya Josée na Paulin wakaja kumsalimia, kila mmoja akinyoosha mkono kisha akiurudisha kwa aibu kwa sababu hapakuwa na mkono wa kuushika. Madeleine alitangulia mbele yake, amevaa kitenge chake cha Misa. Osée alikuja pia. Kambale alitoka ofisini, mtu mfupi, mkimya, asiyependa kelele.

"Nimesikia mko na neno," alisema. "Semeni."

Josée akaweka kisanduku juu ya magunia, akamgeukia Paulin. Paulin akakohoa, akaanza. Alisema kwa Kifaransa. Alisema *défaillance*, akasema *allocation dynamique* na *contexte d'interruption*, akaeleza kwa utaratibu na kwa ufasaha. Madereva walitazama viatu vyao. Kambale alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesubiri mwisho wa hotuba. Kilichomkasirisha Josée ni kwamba hapakuwa na uongo humo. Kila neno lilikuwa sahihi, na hapakuwa na mtu hata mmoja uwanjani pale aliyekuwa amesikia kwamba Godefroid hakukosa.

Alifungua mdomo kumkatiza, lakini mzee alimtangulia. Aliinua mkono wake uliofungwa.

"Mwana wangu," Godefroid alisema, "sema mu Kiswahili. Jina yangu iliharibika mu Kiswahili. Itengenezwe mu Kiswahili."

Wapakiaji waliweka magunia chini. Paulin aliangalia huku na huku. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Kengele," alisema, "haikulia."

"Ongeza sauti!" Madeleine akasema.

"Kengele haikulia. Kisanduku kilikufa na taa ikabaki vert. Kosa iko mu programu, na programu ni miye niliandika. Josée alinikataza, sikumusikia." Alimgeukia mzee. "Papa Godefroid hakudharau kengele. Nilisema vile bila kujua. Niliongopa."

"Bale ya kule nyuma habakusikia," Madeleine alisema. "Sema tena."

Akasema tena, tangu mwanzo. Madeleine alisikiliza kila neno, mikono kiunoni, na mwishoni akageuka akawatazama madereva na wapakiaji, mmoja mmoja, kuhakikisha kwamba wamesikia.

Kambale alimpita Paulin. Alimgeukia Josée. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua kama inaweza kufika."

"Ukapanda lori na dereva wangu, ukamwambia aamini."

"Ndiyo, Papa."

"Basi sioni tofauti kubwa kati yenu wawili."

Aliyasema bila kupaza sauti, na Josée alitamani angefoka. Aliinamisha kichwa. Angeweza kuondoka hapo, ameadhibiwa, mambo yamekwisha. Lakini ile hasira iliyomleta ilikuwa haijamaliza kazi yake, akainua uso.

"Ni kweli, Papa Kambale. Sikatai. Lakini na weye je? Papa Godefroid amekufanyia kazi miaka mingapi? Ulipigiwa simu moja, ukamufukuza. Haukumuuliza hata neno moja. Ungemuuliza, angekuambia taa ilikuwa vert. Haikuhitaji kusoma."

Madereva walitazamana. Hakuna aliyewahi kumwambia Kambale maneno ya namna ile kwenye uwanja wake. Kambale alimtazama si Josée bali Godefroid.

"Hilo pia ni kweli," alisema hatimaye. Kisha kwa madereva: "Toeni vile visanduku. Vyote. Sasa hivi."

Madereva walipanda kwenye kabini na spana, na kwa muda hapakusikika kitu ila vyuma vinavyogongana na nyaya zinazong'olewa. Walivirundika miguuni pa Paulin. Kambale alimrudishia Godefroid kazi siku hiyo hiyo, si ya kuendesha, kwa kuwa mikono ingekawia, bali ya kukagua kila lori kabla halijatoka getini. Na tangu hapo dereva ambaye Papa Godefroid hakumruhusu hakutoka, hata mzigo uwe wa haraka namna gani. Kambale hakumwomba radhi kwa maneno. Watu wengine waliona yatosha. Madeleine hakuona yatosha, na hakulificha.

Wageni wa mgodi walikuja kama walivyopanga. Josée aliwaonyesha kwanza kisanduku kikifa, kisha ndipo akawaeleza kilivyo. Waliaga kwa adabu wakaenda, wala hawakupiga simu tena. Mwisho wa mwezi Paulin alikusanya vitu vyake akahamia Kolwezi, akamwachia Josée karakana, kodi yake na jenereta yake mbovu.

Josée aliiandika moduli upya kwa C, peke yake. Ilikuwa ngumu kuliko alivyofikiri, na mara mbili alijikata kwa visu vyake mwenyewe. Kambale hakuitaka hata alipoambiwa bure. Aliiuza kidogo kidogo kwa wenye mabasi, na kila dereva aliyemfungia alimwambia maneno yaleyale: ishuke yenyewe, na weye ushuke.

Mara kwa mara hupita Katuba Jumapili. Mkono wa kushoto wa Godefroid umepona. Wa kulia vidole havifungi. Madeleine humpa kiti. Chakula bado hajampa, na Josée haoni kwamba ana haki ya kumdai.

Kisha, mwaka ulipokuwa umekaribia kwisha, Paulin alimtumia kazi yake. Haikuwa na salamu ndefu: moduli nzima, na swali moja, "Unaonaje?" Ilikuwa C++ tena. Josée aliifungua akiwa na hamu ya kucheka. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, akavuta kiti karibu.

Milango ilikuwa imefungwa yote. Hakuna kitu kilichozaliwa wakati wa kuitikia hodi. Vyote vilizaliwa mapema, lori likiwashwa, kila kimoja na kiti chake tayari. Ukijaribu kuomba nafasi mahali pasipotakiwa, programu yenyewe inakataa kujengwa. Na Roue bado ilikuwa na Frein, na Frein bado ilikuwa na Mesure, na muntu akisoma alielewa. Aliijaribu kwa kamera juma zima. Akapasha kipimajoto moto. Kengele ikalia papo hapo, kwa nguvu, mpaka fundi viatu akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

Ilikuwa nzuri kuliko yake. Josée alisimama katikati ya kelele ile na hasira ikampanda upya, hasira kubwa kuliko ya siku ya simu, maana siku ile aliweza kudhani kwamba Paulin hakujua namna. Kumbe aliweza. Tangu mwanzo aliweza. Ilikuwa kazi ya siku chache, kwa lugha ile ile aliyoipenda, na hakuifanya kwa sababu majaribio yalikuwa yamepita.

Aliandika jibu refu, akalifuta. Akaandika jingine la matusi, akalifuta pia. Mwishowe alimwandikia: "Iko muzuri. Sasa kuya Katuba, umuonyeshe Papa Godefroid weye mwenyewe. Usinitume miye."

Paulin aliusoma ujumbe saa ile ile. Mpaka leo hajafika Katuba.